Asilimia ya mafuta mwilini: kipimo kipi cha kuamini, na kwa kazi gani

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amechanganyikiwa. Ndani ya wiki moja mizani yake ya nyumbani imemwambia ana asilimia 23 ya mafuta, mwalimu wa mazoezi kamminya ngozi kwa kalipa (koleo la kupimia unene wa mkunjo wa ngozi) akampa 15, na mashine ya eksirei iitwayo DXA imetoa 20. Anataka nimwambie yupi kati ya hao watatu amepatia, ili awapuuze wengine. Swali lake naliheshimu. Mtu anayejinyima chakula miezi mitatu ana haki ya kujua kama kilichopungua ni mafuta au ni maji tu.

Lakini hakuna chombo kinachopima mafuta ya mtu aliye hai. Mizani hupima ukinzani wa umeme. Kalipa hupima unene wa mkunjo wa ngozi. DXA hupima jinsi eksirei inavyofifia ikipita mwilini, na tangi la maji, ambamo mtu huzamishwa, hupima ujazo. Asilimia huja baadaye, kwenye hesabu, na kila hesabu ina mtu wa wastani aliyefichwa ndani yake. Njia ya moja kwa moja ni kupasua maiti na kutenganisha tishu, kama walivyofanya watafiti wa Brussels kwa miili 25 na kuchapisha matokeo mwaka 1984. Hata huko walikuta watu wanatofautiana kuliko fomula zinavyodhani: mikunjo miwili ya ngozi yenye unene sawa haibonyei sawa, na tishu isiyo na mafuta haina uzito ule ule kwa kila mtu.

Fomula inayotumika sana kugeuza densiti ya mwili (uzito ukigawanywa kwa ujazo) kuwa asilimia ni ya mtafiti aitwaye Siri, ya mwaka 1961:

asilimia ya mafuta = (495 ÷ densiti) − 450

Fomula hii inachukulia kwamba mafuta yana densiti ya gramu 0.900 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na kwamba vyote vilivyobaki (misuli, mifupa, maji, viungo) vina 1.100, kwa mtu yeyote yule. Hiyo 0.900 haina ugomvi. Inayoyumba ni 1.100. Mtoto ana maji mengi na madini machache kuliko mtu mzima, na mzee mifupa yake imepungukiwa madini. Mwaka 1984 Schutte na wenzake walipendekeza fomula nyingine kwa wanaume weusi, (437.4 ÷ densiti) − 392.8, wakisema sehemu yao isiyo na mafuta ina densiti ya takriban 1.113. Chukua mwili wenye densiti ya 1.0657: fomula ya Siri inampa mwenye mwili huo asilimia 14.5, ya Schutte inampa 17.6. Tafiti za baadaye zilizopima maji na madini kwa pamoja hazikuafikiana na pengo kubwa kiasi hicho, kwa hiyo sikushauri uikumbatie. Nimeileta uone pointi tatu za asilimia zinavyoweza kuzaliwa na fomula peke yake, kabla mtu hajakosea kupima.

Kwa hiyo ukisikia kalipa "imethibitishwa", jua mara nyingi imelinganishwa na tangi la maji, na tangi lenyewe linategemea dhana ya 1.100. Makosa yanarithishana.

Nianze na mizani ya umeme, maana ndiyo imejaa majumbani na ndiyo inayowatoa watu machozi asubuhi.

Ukisimama juu yake, mkondo mdogo usiousikia, kwa kawaida wa kilohezi 50, hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, mafuta hupitisha vibaya. Mashine huchukua urefu wako, huuzidisha kwa wenyewe, hugawanya kwa ukinzani uliopatikana, huchanganya na uzito, umri na jinsia, kisha hukadiria una maji kiasi gani. Kutoka kwenye maji hukadiria uzito usio na mafuta, kwa dhana kwamba asilimia 73 ya uzito huo ni maji. Kinachobaki huitwa mafuta. Kwa maneno mengine, mafuta kwenye mizani hii ni mabaki ya hesabu, na kila kosa la hatua za mwanzo hulundikwa humo.

Tatizo la pili ni njia ya mkondo. Miguu ni mirefu na myembamba, kwa hiyo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya ukinzani. Kiwiliwili ni kipana na kina karibu nusu ya uzito wako, ila mchango wake kwenye ukinzani ni mdogo sana. Na mizani ya miguu peke yake haipitishi umeme kifuani wala mikononi. Mtu mwenye kitambi na miguu ya mwanariadha anapendelewa. Mwenye mapaja yaliyojaa na tumbo bapa anaonewa. Mashine zenye vishikio vya mikono na elektrodi nane ni bora kiasi, kwa sababu husoma kila mkono, kila mguu na kiwiliwili peke yake, ingawa dhana ya maji haijaondoka.

Kama unataka kujua mizani yako inakupima wewe au inakisoma kitambulisho chako, fanya jaribio hili. Pima, andika namba. Kisha ingia kwenye mipangilio, ongeza umri miaka 20, panda tena papo hapo. Rudisha umri, sasa washa ile hali ya "mwanariadha", panda tena. Mwili ni ule ule, umeme ni ule ule. Kiasi namba inachoruka ndicho kiasi cha jibu kinachotoka kwenye wasifu ulioujaza. Kuna mizani zinazoruka pointi kadhaa kwa kubonyeza hiyo hali ya mwanariadha tu, na wenye kupenda kusifiwa huiacha imewashwa moja kwa moja.

Jaribio la pili ni la maji. Sema una kilo 70 na mizani inasema asilimia 20, yaani kilo 14 za mafuta na kilo 56 za vingine. Kunywa lita moja ya maji, panda tena baada ya dakika mbili. Uzito ni kilo 71. Maji yapo tumboni, hayajaingia miguuni ambako umeme unapita, kwa hiyo ukinzani haujabadilika. Kilo iliyoongezeka inaangukia karibu yote upande wa mafuta: 15 kati ya 71, zaidi ya asilimia 21. Umenenepa pointi nzima kwa maji matupu.

Baada ya mazoezi mambo hugeuka. Damu imejaa kwenye ngozi na misuli, joto limepanda, ukinzani unashuka, na mizani inakupongeza kwa mafuta ambayo hayajatoka. Ukiwa umekaukiwa maji kwa siku nzima, inakulaani. Nyayo kavu zenye sugu nazo huongeza ukinzani kwenye mizani za bei nafuu, kwa hiyo futa nyayo kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupanda. Siku zinazokaribia hedhi mwili hushika maji, na linganisho la kweli kwa mwanamke ni wiki ile ile ya mzunguko mmoja na mwingine.

Masharti yasiyo na mjadala: asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula na kunywa, saa 12 zilizotangulia bila mazoezi makali, siku mbili bila pombe, sakafu ngumu isiyo na zulia, na dakika zile zile baada ya kuamka, kwa sababu maji ya mwili hushukia miguuni kadiri unavyosimama. Mwenye kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo asipande kabisa.

Kalipa sasa. Hiki ndicho chombo ambacho mikononi mwa mtu mzembe hakina thamani, na mikononi mwa fundi kinaishinda mizani yoyote ya nyumbani kwa kufuatilia mabadiliko. Kalipa nzuri hubana kwa gramu 10 kwa kila milimita ya mraba, mdomo ukiwa umefunguka kidogo au sana. Kalipa za plastiki zina springi inayolegea, na ukizitumia mwaka mzima unapima uchovu wa springi. Hata nzuri hazisomi sawa: kalipa ya Lange husoma zaidi ya ile ya Harpenden kwenye mkunjo ule ule, kwa hiyo usichanganye.

Mfumo uliozoeleka zaidi ni wa watafiti Jackson na Pollock wa mahali patatu, wanaume mwaka 1978, wanawake mwaka 1980 pamoja na Ward. Wanaume: kifua, tumbo, paja. Wanawake: nyuma ya mkono wa juu, juu ya nyonga, paja. Upande wa kulia siku zote.

Kifua cha mwanaume: mkunjo wa mshazari, katikati ya chuchu na ukingo wa mbele wa kwapa. Tumbo: mkunjo wa wima, sentimita 2 kulia mwa kitovu. Si juu ya kitovu, na si pale ulipoona pamenona zaidi. Paja: wima, mbele kabisa, katikati ya mkunjo wa kinena na ukingo wa juu wa pia ya goti. Nyuma ya mkono: wima, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa. Juu ya nyonga: mshazari, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, kwenye mstari unaoshuka kutoka ukingo wa mbele wa kwapa. Pima umbali kwa futi ya kamba na utie alama kwa kalamu kabla hujagusa kalipa. Anayekisia kwa macho leo atakisia pengine mwezi ujao, na mkunjo uliohama sentimita mbili una unene mwingine.

Namna ya kushika ndiyo inayotenganisha watu. Kidole gumba na cha shahada vielekee chini, vibane ngozi na mafuta, viinue hadi pande mbili za mkunjo ziwe sambamba. Mwambie anayepimwa akaze msuli, kisha aulegeze: kama kitu kinaponyoka vidoleni, ulikuwa umeshika na msuli. Weka mdomo wa kalipa sentimita 1 chini ya vidole, katikati ya kina cha mkunjo, kwa pembe mraba. Achia kishikio taratibu. Usiachie vidole. Hili ndilo kosa la kila siku: mtu anaachia mkunjo ubebwe na kalipa, springi inaendelea kukamua maji kwenye tishu, na sindano inashuka. Soma ndani ya sekunde 2. Zunguka mahali pote patatu, kisha rudia duru nzima, usirudie pale pale papo hapo kwa sababu tishu imeshabonyea. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 2, chukua cha tatu. Ngozi iwe kavu, haina mafuta ya kujipaka, na asiwe ametoka mazoezini.

Paja lina ukaidi wake. Kwa watu wengi ngozi ya hapo imeshikamana na msuli na mkunjo haunyanyuki. Muweke akae au asimame uzito ukiwa mguu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa kidogo, na ikishindikana yeye mwenyewe anyanyue paja kwa chini kwa mikono miwili. Ikishindikana bado, andika kuwa imeshindikana. Usibuni namba.

Jumlisha mikunjo mitatu kwa milimita, uite J. Wanaume:

densiti = 1.10938 − 0.0008267 × J + 0.0000016 × J × J − 0.0002574 × umri

Wanawake:

densiti = 1.0994921 − 0.0009929 × J + 0.0000023 × J × J − 0.0001392 × umri

Kisha Siri. Mwanaume wa miaka 30 mwenye kifua 12, tumbo 22, paja 14 ana J ya 48, densiti 1.0657, asilimia 14.5. Mwanamke wa miaka 30 mwenye mkono 18, nyonga 16, paja 26 ana J ya 60, densiti 1.0440, asilimia 24.1. Katika mfano wa mwanaume kila milimita moja ya J ni karibu pointi 0.3, kwa hiyo mpimaji anayekosea milimita 2 kila mahali, kwa upande mmoja, anakupa au anakunyang'anya pointi 1.8. Juu ya hapo kuna kosa la fomula yenyewe, takriban pointi 3.5 hadi 4 kwa theluthi mbili za watu, na theluthi iliyobaki inazidi hapo. Fomula zilitengenezwa kwa wanaume wa miaka 18 hadi 61 na wanawake wa 18 hadi 55. Nje ya umri huo, au kwa mtu ambaye mkunjo wake hauingii kwenye kalipa, achana nazo.

Ndiyo maana wataalamu wa michezo wengi hawahangaiki na asilimia kabisa. Wanajumlisha mikunjo saba au minane na kuishia hapo. Milimita 96 ikishuka hadi 81, mafuta ya chini ya ngozi yamepungua, na hakuna Siri wala Pollock wa kubishana naye. Kama una mpimaji mmoja wa uhakika, hii ndiyo namba ya kumwomba. Kujipima mwenyewe kwa kalipa ni kujisumbua, isipokuwa tumbo na paja: nyuma ya mkono wako huifikii na vidole viwili na kalipa kwa pamoja.

Futi ya kamba inadharauliwa bure. Fomula ya Hodgdon na Beckett, iliyoandaliwa kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1984, inahitaji kiuno, shingo na urefu kwa sentimita, na kwa wanawake nyonga pia. Wanaume:

asilimia = 495 ÷ (1.0324 − 0.19077 × log(kiuno − shingo) + 0.15456 × log(urefu)) − 450

Wanawake:

asilimia = 495 ÷ (1.29579 − 0.35004 × log(kiuno + nyonga − shingo) + 0.22100 × log(urefu)) − 450

Log hapa ni ya kumi. Ukibonyeza ile nyingine kwenye kikokotoo utapata upuuzi. Mwanaume mwenye kiuno 86, shingo 38, urefu 175 anapata 17.7. Kiuno kikiwa 88, anapata 19.2. Sentimita mbili, pointi moja na nusu, na sentimita mbili unazipata kwa kuvuta pumzi tu. Kwa hiyo: pima mwisho wa kutoa pumzi ya kawaida, utepe ukiwa mlalo kuzunguka pande zote (tazama kwenye kioo, mgongoni ndiko hushuka), uguse ngozi bila kuibonyeza. Katika fomula hii kiuno cha mwanaume ni usawa wa kitovu, cha mwanamke ni pale palipo pembamba zaidi. Shirika la Afya Duniani hupima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mahali tofauti, na ukilichukua kiuno la huko ukalitia kwenye fomula hii umeharibu hesabu. Shingo ipimwe chini ya kongomeo, utepe ukiinama kidogo kuelekea mbele.

Udhaifu wake unaonekana kwenye fomula yenyewe: shingo nene inapunguza mafuta. Mcheza mieleka atatoka mwembamba kuliko alivyo. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliacha kupima shingo mwaka 2023 likabaki na tumbo na uzito. Ila kwa kujifuatilia mwenyewe, shingo haibadiliki haraka, na kiuno ndicho kinachosema. Hata bila fomula, kiuno kikizidi nusu ya urefu, mafuta ya tumboni yameanza kuwa tatizo la afya, na hilo asilimia haikuambii.

Sasa DXA, ambayo watu huitaja kama hakimu wa mwisho. Ni nzuri. Si hakimu. Hutuma eksirei za nguvu mbili tofauti, na kwa kuwa mfupa, mafuta na tishu laini huzifyonza kwa uwiano tofauti, mashine hutenganisha. Lakini kwa nguvu mbili unaweza kutenganisha vitu viwili tu kwa wakati mmoja. Pale penye mfupa, inatenganisha mfupa na tishu laini, na mgawanyo wa mafuta ndani ya hiyo tishu inaukisia kwa kutazama pembeni pasipo na mfupa. Kifuani, penye mbavu kila upande, ukisiaji ni mwingi. Mionzi ni kidogo, mikrosiverti chache, kiasi cha siku moja hivi ya mionzi ya asili. Mjamzito hapimwi.

Ukipewa karatasi ya majibu, usitazame asilimia kwanza. Tazama gramu tatu: mafuta, tishu laini isiyo mafuta, na madini ya mifupa. Mashine nyingine huchapisha asilimia mbili, moja ikigawanya mafuta kwa jumla ya mafuta na tishu laini isiyo mafuta, nyingine ikijumuisha mifupa. Mtu mwenye mafuta kilo 14.0, tishu laini isiyo mafuta 53.2 na madini 2.8 ana asilimia 20.8 kwa hesabu ya kwanza na 20.0 kwa ya pili. Watu wamesherehekea kushuka kwa mafuta ambako kulikuwa kuhama kutoka safu moja ya karatasi hadi nyingine.

Halafu kuna maji. DXA huhesabu maji kama tishu laini isiyo mafuta. Ukianza kupunguza wanga, akiba ya glaikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) hupungua, na kila gramu yake huondoka na takriban gramu 3 za maji. Ndani ya siku chache umepoteza kilo moja au mbili, na karatasi itasema ni misuli. Si misuli. Kinyume chake, kreatini, ile nyongeza ya wanamazoezi, huongeza maji kwenye misuli, na karatasi itakusifu kwa nyama ambayo hujaijenga. Kama unataka kulinganisha kipimo cha kabla na cha baada, pima cha kwanza wiki mbili baada ya kuanza mlo mpya, si siku moja kabla.

Mashine ile ile, programu ile ile, ikiwezekana mpimaji yule yule, asubuhi bila kula, nguo nyepesi zisizo na chuma, mikono imewekwa namna ile ile. Mkono ukigusa paja, mstari wa kugawa viungo unapita kwenye nyama na mkono unapewa sehemu ya paja. Kampuni mbili tofauti za mashine zinaweza kutofautiana pointi kadhaa kwa mtu mmoja siku moja. Mpimaji akizingatia haya, marudio ya siku hiyo hiyo hutofautiana kwa pointi moja hivi au chini.

Tangi la maji na chumba cha hewa hupima ujazo, na adui yao ni hewa. Kwenye tangi unatoa pumzi yote chini ya maji, hadi ibaki ile isiyotoka, lita 1.3 hivi kwa mtu mzima. Mtu wa kilo 70 anayepata asilimia 16.6 akipima sawasawa, akibakiza lita moja zaidi kifuani kwa hofu, atatoka na 23.6. Kwenye chumba cha hewa kama Bod Pod adui ni nguo na nywele: hewa iliyonaswa karibu na ngozi ina joto na hubanwa kirahisi, mashine inaona mwili mdogo kuliko ulivyo, na mafuta yanashuka kwa uongo. Ndiyo sababu ya kofia ya kuogelea na nguo ya kubana. Vipimo viwili vya ujazo vitofautiane chini ya mililita 150, na mililita 150 tu kwa mtu huyo wa kilo 70 ni pointi moja. Mpimaji akikwambia bukta si tatizo, ondoka.

MRI, mashine ya picha ya sumaku, huonyesha mafuta yanayozunguka viungo vya ndani kuliko kingine chochote, ila hupima tishu ya mafuta, ambayo ndani yake kuna maji na seli pia. Namba zake hazilingani na za DXA, wala hazikukusudiwa.

Turudi kwenye kazi halisi. Kipimo kinafaa pale tu makosa yake yanapokuwa madogo kuliko mabadiliko unayoyatafuta. Kilo moja ya mafuta ikitoka kwa mtu wa kilo 70 mwenye asilimia 20, anashuka hadi 18.8, pointi 1.2. Je, chombo chako kinaiona? Jipime siku saba mfululizo kwa masharti yale yale. Kwa siku saba mafuta hayabadiliki vya kutosha, kwa hiyo kuyumba kote ni kelele. Tuseme mizani inatoa 21.4, 20.8, 22.1, 21.0, 21.7, 20.6, 21.9. Wastani ni 21.4, mchepuko sanifu (kipimo cha namba zinavyoyumba kuzunguka wastani) ni 0.57. Zidisha kwa 2.77, kizidishio cha takwimu cha kulinganisha vipimo viwili: unapata 1.6. Namba moja ya leo ikilinganishwa na moja ya mwezi ujao, tofauti iliyo chini ya pointi 1.6 haina maana. Kilo yako moja imezama humo. Lakini ukilinganisha wastani wa siku saba na wastani wa siku saba, gawanya 1.6 kwa mzizi wa 7, inabaki takriban 0.6. Sasa kilo moja inaonekana, kwa mizani ile ile niliyoitukana hapo juu.

Kwa hiyo pima kila asubuhi, tazama wastani wa wiki, na usiitie maanani namba ya siku. Futi ya kamba mara moja kwa wiki. Kalipa kila wiki nne, kwa mkono ule ule. DXA kila miezi mitatu au zaidi, na usiilipie kama unatarajia kupunguza chini ya kilo mbili za mafuta kabla ya kipimo kijacho. Ukiwa na kiuno kinachopungua na uzito uliosimama, amini kiuno. Mizani ikisema umeongeza mafuta wiki ambayo kiuno na mikunjo vimeshuka, mizani imesoma maji.

Na namba kwa namba usizioanishe. Wapo wanaoshusha kwa kalipa kutoka 15 hadi 13, kisha wanatoa 5 kwenye mizani "ili zilingane". Pengo kati ya vyombo viwili si la kudumu; hubadilika kadiri mwili unavyopungua, kwa sababu kila kimoja kinakosea kwa sababu yake. Mizani ikiharibika ukalazimika kununua nyingine, na ile ya zamani bado inawaka, panda zote mbili kila asubuhi kwa wiki mbili na uandike kila moja kwenye safu yake. Siku ya kumi na tano funga safu ya zamani, anza kuhesabu mabadiliko upya kutoka kwenye wastani wa mpya, na pembeni mwa daftari andika tarehe, aina ya chombo na wasifu uliojaza: urefu, umri, na kama hali ya mwanariadha imewashwa au la.